Simu ya Upepo Mezani: Historia ya Kibodi Isiyo na Waya

Katika Kiswahili cha nusu ya kwanza ya karne ya 20, habari zilizopelekwa mbali bila ya waya kutandazwa juu ya nguzo ziliitwa simu ya upepo. Jina hilo lina ajabu ndani yake, kwa sababu neno simu lilitoka katika Kiajemi, na huko maana yake mojawapo ni waya. Simu ya upepo, basi, ni waya wa upepo: waya wenyewe haupo, lakini kazi yake ipo. Jina hilo lingalifaa vile vile kwa chombo kidogo kilichomo leo katika ofisi na nyumba nyingi, nacho ni kibodi isiyo na waya. Mwandishi hugusa kitufe, na herufi huonekana kiooni, ingawa kati ya kitufe na kioo hapana kitu ila hewa. Walakini katika hewa hiyo limekaa swali ambalo waya wa zamani ulilijibu kabla halijaulizwa: kompyuta itajuaje kwamba mkono unaoandika ni mkono wa mwenyewe?

Swali hilo si dogo. Kibodi ni mlango wa kompyuta. Kinachoingia kwa mlango huo huhesabiwa kuwa ni neno la bwana wa nyumba, na mashine hutii. Anayeweza kusikiliza mlangoni hapo husikia maneno ya siri, barua na hesabu. Na anayeweza kusema mlangoni hapo hutoa amri kwa jina la mwingine. Kwa sababu hiyo historia ya kibodi isiyo na waya si historia ya kuondoa usumbufu wa kamba mezani tu. Ni historia ya kukata waya, na kisha kutafuta kwa taabu kile kilichopotea pamoja nao.

Mwanzo wa habari hii hapakuwa na waya, bali chuma. Katika mwaka 1868 Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, pamoja na wenzake Carlos Glidden na Samuel Soule, walipata hati ya ubunifu wa mashine ya kuandikia. Kampuni ya Remington, iliyokuwa ikitengeneza bunduki, ilianza kuiuza mashine ya Sholes katika mwaka 1874, na mpangilio wa herufi uliotokana na kazi hiyo ndio ulioenea katika kibodi za Kilatini hata leo. Katika mashine hiyo kidole na herufi vilikuwa mwili mmoja. Kitufe kilivuta wenzo, wenzo ukarusha herufi, herufi ikapiga karatasi. Hapana aliyeweza kuuliza ni nani aliyeandika, maana aliyeandika alikuwa ameketi palepale, na mlio wa kazi yake ulisikika chumba kizima.

Umoja huo ulianza kuvunjwa na simu za maandishi. Mfaransa Émile Baudot alitengeneza katika miaka ya 1870 alama za herufi zilizoundwa kwa vipande vitano vya umeme, kila kipande kikiwa kipo au hakipo. Mtumaji wake alikuwa na vitufe vitano tu kama vya kinanda, viwili kwa mkono wa kushoto na vitatu kwa mkono wa kulia, naye alilazimika kuzijua alama kwa moyo. Mnamo mwaka 1901 Donald Murray wa New Zealand alileta chombo chenye vitufe kama vya mashine ya kuandikia, hata mtu asiyezijua alama akaweza kutuma habari. Tangu hapo kitufe hakikurusha herufi tena. Kilituma jina la herufi, na mashine nyingine mbali ndiyo iliyoiandika. Katika mwaka 1963 Wamarekani waliweka kanuni ya ASCII, yenye vipande saba kwa kila alama. Lugha nyingi zilidhulumiwa na kanuni hiyo, kwa kuwa haikuwa na nafasi ya herufi zao zenye vituo na alama za juu. Kiswahili cha hati ya Kilatini kilisalimika, maana tahajia yake hutumia herufi za kawaida, na hata ng' huhitaji alama moja ndogo tu ambayo ASCII ilikuwa nayo. Kiswahili kilichoandikwa kwa hati ya Kiarabu, chenye urithi wa karne nyingi za tenzi na barua, hakikupata nafasi humo.

Mashine ya simu za maandishi ndiyo iliyokuja kuwa kibodi ya kompyuta. Mfano wa 33 wa kampuni ya Teletype, uliotoka katika mwaka 1963, uliandika herufi 10 kwa sekunde moja, ukawa chombo cha kuzungumza na kompyuta katika vyuo na maabara nyingi. Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza kuujenga mfumo wa Unix katika maabara ya Bell mwaka 1969, mazungumzo ya mtu na mashine yalikuwa ya aina hiyo: mtu aliandika mstari mmoja wa amri, akakifinya kitufe cha kumaliza, mashine ikajibu kwa mstari mwingine. Programu iliyopokea amri hizo iliitwa ganda, jina ambalo Mfaransa Louis Pouzin alikuwa amelitoa katikati ya miaka ya 1960, kwa kuwa lilizunguka kiini cha mfumo kama ganda lizungukavyo kokwa. Amri zilikuwa fupi kama ls na cp, na ufupi huo huelezwa aghalabu kwa uzito wa vitufe na uvivu wa mashine za wakati ule. Hata leo, katika Linux, mfumo ambao Linus Torvalds aliuanza mjini Helsinki mwaka 1991, mlango wa maandishi huitwa tty, na herufi hizo tatu ni kumbukumbu ya Teletype. Mashine imekufa, jina lake limebaki likilinda mlango.

Katika zama hizo zote waya ulifanya kazi mbili. Kazi ya kwanza ilionekana: kupeleka herufi. Kazi ya pili haikuonekana: kushuhudia. Aliyetaka kuandika katika kompyuta alipaswa kuufikia waya wake, na aliyetaka kusikiliza alipaswa kuugusa. Kuta za chumba na kufuli ya mlango zilitosha kuwa ulinzi. Kwa kuwa kazi hiyo ya pili ilitendeka yenyewe, hakuna aliyeihesabu kuwa ni kazi, hata siku waya ulipokatwa.

Siku hiyo ilikuja mapema kuliko wengi wakumbukavyo. Mwezi wa Novemba mwaka 1983 kampuni ya IBM ilitangaza kompyuta ya nyumbani iliyoitwa PCjr, ambayo kibodi yake haikuwa na waya. Ilituma herufi kwa mwanga usioonekana kwa macho, ulio chini ya wekundu, na ilikula betri. Vitufe vyake vidogo vilichukiwa na wanunuzi, na IBM ikabadili kibodi hiyo katika mwaka 1984. Mwezi wa Machi mwaka 1985 kompyuta yenyewe ikaachwa kutengenezwa. Lakini pamoja na aibu ya vitufe, kibodi hiyo ilikuwa imefunua jambo lenye maana zaidi. Mwanga haumjui mwenyewe. Zilipowekwa kompyuta kadhaa katika chumba kimoja, kama darasani, nuru ya kibodi moja iliweza kufika kwa kompyuta ya jirani. Dawa iliyouzwa ilikuwa ni kamba ya kuifunga kibodi kwenye kompyuta yake, yaani waya uliokatwa ulirudishwa kwa bei.

Mwanga ulikuwa na haya ya kuvuka ukuta. Mawimbi ya redio hayana haya hiyo. Katika mwaka 1985 serikali ya Marekani iliruhusu vyombo vya mawasiliano vyenye nguvu ndogo vitumie bila ya leseni baadhi ya masafa, yakiwemo yaliyo karibu na gigahezi 2.4, ambayo ndiyo masafa ya tanuri za mikrowevu. Masafa hayo yalikuwa kama ardhi ya jaa, isiyotakiwa na mtu kwa ajili ya makelele yake, na kwa sababu hiyohiyo yakawa ya wote. Ili kusikilizana katika makelele, vyombo vilijifunza kurukaruka kutoka wimbi hadi wimbi kwa utaratibu unaojulikana na pande mbili tu. Fikira hiyo ilikuwa na wazee wengi. Wawili kati yao ni Hedy Lamarr, mwigizaji wa sinema, na George Antheil, mtunzi wa muziki, ambao katika mwaka 1942 walipata hati ya ubunifu ya kuongoza makombora ya majini kwa mawimbi 88 yanayobadilishwa, sawa na idadi ya vitufe vya piano. Jeshi la majini la Marekani halikuitumia hati hiyo wakati ule wa vita.

Katika mwaka 1994, mjini Lund katika Sweden, kampuni ya Ericsson ilianza kutafuta njia ya kuondoa waya mfupi kati ya simu na vyombo vyake. Jaap Haartsen, Mholanzi, na Sven Mattisson, Mswidi, ni miongoni mwa mafundi waliotia misingi. Mawasiliano waliyoyaunda yaliruka mara 1600 kwa sekunde juu ya mawimbi 79. Mwaka 1998 kampuni tano, Ericsson, Intel, Nokia, IBM na Toshiba, zilifanya umoja wa kuilea kanuni hiyo, na jina lake likatoka katika historia ya kale. Jim Kardach wa Intel alikuwa amesoma habari za Harald Blåtand, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, ambaye jiwe lake la Jelling hadi leo lamsifu kwamba aliishika Denmark yote. Jina la mfalme huyo, likigeuzwa Kiingereza, ni Bluetooth, yaani jino la buluu. Lilikusudiwa kushika nafasi kwa muda tu, lakini majina mengine hayakufaulu, na jina la muda likawa la kudumu. Alama ya Bluetooth ni herufi mbili za kale za watu wa Kaskazini, H na B, zilizounganishwa.

Mfalme aliyewaunganisha watu alikuwa na upanga. Kanuni iliyochukua jina lake ilikuwa na tarakimu nne. Ili chombo na kompyuta vijuane, mtu aliandika namba fupi ya siri katika pande zote mbili, na kutokana na namba hiyo ukafanyizwa ufunguo wa kuyafumba maneno yao. Katika mwaka 2005 Yaniv Shaked na Avishai Wool wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walionyesha kwamba aliyeyasikiliza mazungumzo ya kujuana aliweza kuipata namba ya tarakimu nne kwa chini ya theluthi moja ya sekunde, kwa kompyuta ya kawaida. Kosa halikuwa katika ufupi wa namba peke yake. Kosa lilikuwa kwamba siri yote ilijengwa juu ya namba hiyo, na msikilizaji aliweza kuzijaribu zote 10,000 nyumbani kwake bila ya kuonekana.

Marekebisho yalikuja katika toleo la 2.1 la mwaka 2007. Tangu hapo pande mbili hufanyiza ufunguo kwa njia iliyotokana na hekima ya Whitfield Diffie na Martin Hellman ya mwaka 1976, ambayo huwawezesha watu wawili kupatana siri mbele ya hadhara, hadhara isiijue. Lakini njia hiyo ina upungufu mmoja: humhakikishia mtu kwamba anasema kwa siri na mtu fulani, bila ya kumhakikishia huyo fulani ni nani. Hapa ndipo tarakimu ziliporudi, kwa kazi nyingine. Kompyuta huonyesha kiooni namba ya tarakimu sita, na mtu huiandika kwa kibodi mpya. Pande mbili hulinganisha namba hiyo kipande kwa kipande katika hatua 20, kila upande ukijifunga kwa neno lake kabla ya kusikia la mwenzake. Mwongo aliyejiweka katikati ana bahati moja katika milioni, na akikosea hubainika papo hapo. Namba si ufunguo tena. Ni ushahidi kwamba mkono ulio juu ya kibodi hii ni wa mtu anayekitazama kioo hiki.

Katika Linux shughuli hiyo huendeshwa na programu za BlueZ, zilizoanza na kazi ya Max Krasnyansky katika kampuni ya Qualcomm na kuingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2001. Kwa miaka mingi vyombo vyake vilikuwa vingi na kila kimoja na desturi yake, kama hcitool cha kutafuta na hidd cha kuunganisha kibodi. Toleo la 5, lililotoka mwishoni mwa mwaka 2012, lilileta programu moja ya mstari wa amri, bluetoothctl, na ndani yake mapatano yote huonekana kwa utaratibu. Amri ya «power on» huwasha redio. Amri ya «agent on» humweka wakili, yaani programu itakayosema na mtu panapohitajika namba au idhini, na «default-agent» humfanya wakili huyo kuwa ndiye anayeulizwa. Amri ya «scan on» hutafuta vyombo vilivyo karibu, na kila kimoja hujitaja kwa anwani ya jozi sita za tarakimu na herufi. Kibodi inayotafutwa sharti iwe imewekwa katika hali ya kujitangaza, aghalabu kwa kushikilia kitufe maalumu. Kisha huja «pair» pamoja na anwani. Kompyuta huonyesha namba, mtu huiandika kwa kibodi mpya na kukifinya kitufe cha kumaliza. Baadaye huja «trust», na mwisho «connect».

Amri tatu za mwisho hudhaniwa na wengi kuwa ni moja, na kudhani huko ndiko kunakoleta taabu. Kwa «pair» ufunguo hufanyizwa na kuwekwa katika kumbukumbu ya kompyuta, chini ya saraka ya /var/lib/bluetooth. Kwa «connect» mazungumzo hufunguliwa kwa sasa. Lakini «trust» ni idhini ya kesho: humruhusu aliyejulikana kurudi bila ya kubisha hodi upya. Aliyeisahau huiona kibodi yake ikifanya kazi jioni na kuwa bubu asubuhi, kompyuta ikisha kuzimwa na kuwashwa. Kadhalika kibodi inapouzwa au kupotea, amri ya «remove» hufuta ufunguo wake. Asiyeifuta ameacha mlango ambao ufunguo wake uko katika mikono ya mwingine. Katika madirisha yenye picha, mambo haya yote hufichwa nyuma ya kitufe kimoja. Mstari wa amri huyataja moja moja, na kwa kuyataja humfundisha mtu kwamba kujuana, kuamini na kuzungumza ni mambo matatu mbalimbali.

Limebaki fumbo la mwanzo wa mambo: amri hizi huandikwa kwa kibodi gani, ikiwa kibodi yenyewe ndiyo inayotafutwa? Kompyuta za zamani za mezani zilikuwa na kichekesho kilichojulikana na mafundi: zilipokosa kibodi, zilimtaka mtu afinye kitufe cha kibodi ili kuendelea. Kibodi ya Bluetooth imelirudisha fumbo hilo, kwa kuwa aghalabu haisikiki hata mfumo uwe umekwisha kuamka. Kwa sababu hiyo wenye busara hawaitupi kibodi ya waya. Wengine huingia kwa njia ya mtandao kutoka kompyuta nyingine, wakitumia SSH, ambayo Mfini Tatu Ylönen aliiunda mwaka 1995 baada ya maneno ya siri kuibwa katika mtandao wa chuo kikuu chake. Ndivyo wengi wafanyavyo kwa kompyuta ndogo za Raspberry Pi, ambazo tangu mfano wa 3 wa mwaka 2016 zina redio ya Bluetooth ndani yake. Katika njia zote mbili hukumu ni moja: imani mpya haizaliwi hewani, bali huazimwa kutoka kwa imani iliyotangulia, iwe ni waya, iwe ni ufunguo uliowekwa zamani.

Historia haikukoma hapo. Katika mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille ya Marekani walitangaza kwamba kibodi nyingi za bei nafuu, zisizotumia Bluetooth bali redio za watengenezaji wenyewe, zilituma herufi bila ya kuzifumba kabisa, hata mtu aliye mbali aliweza kuyasoma maneno ya siri yakiandikwa. Waliozinunua hawakuwa na namna ya kujua. Kisha mwezi wa Desemba mwaka 2023 Marc Newlin, aliyekuwa mmoja wa watafiti hao, alitangaza kasoro katika Bluetooth ya mifumo ya Android, Linux na ya Apple: mgeni aliye karibu aliweza kujifanya kibodi, akapokewa bila ya mwenye kompyuta kuombwa idhini, na kuandika amri. Kwa upande wa Linux dawa ilikuwa imekwisha kupatikana tangu mwaka 2020, nayo ni kukataa kibodi yoyote isiyokuwa na ufunguo wa mapatano. Dawa hiyo ilikuwa imeachwa bila ya kuwashwa katika mifumo mingi, ili vyombo vya zamani visikataliwe. Hatari ilikuwa kubwa zaidi pale kompyuta ilipoachwa katika hali ya kujitangaza kwa kila mpitaji.

Jambo hilo la mwisho lastahili kufikiriwa. Hesabu za Diffie na Hellman hazikushindwa, wala tarakimu sita hazikuvunjwa. Mlango ulikuwa na kufuli njema, na mlinzi alikuwa akiwapitisha watu kando yake kwa ajili ya kuwapendeza wageni wa zamani. Tangu kibodi ya PCjr hadi mwaka 2023 makosa yamefanana: kila mara urahisi wa kuunganisha ulitangulizwa mbele ya swali la nani anaunganishwa, na kila mara swali lilirudi na kudai haki yake.

Waya wa Teletype ulilijibu swali hilo kwa ukimya, kwa kuwapo kwake tu. Waya wa upepo hauna mwili wa kushuhudia. Ushahidi wake sharti utamkwe na mtu, na mtu mwenyewe ajue anachokitamka. Dakika mbili ambazo mtu huzitumia mbele ya mstari wa amri, akisoma namba sita kiooni na kuziandika kwa mkono wake, zaweza kuonekana ni usumbufu wa kale katika zama za mambo mepesi. Lakini katika dakika hizo ndipo mashine inapoambiwa, kwa mara ya kwanza na kwa ajili ya siku zote zitakazofuata, ni mkono wa nani itakaoutii.